Jumamosi Tatu za Kujiandaa Kustaafu: Tathmini ya Kozi Moja Jijini Nairobi

Mwezi wa Novemba nitatimiza miaka 60 na kukabidhi chaki, baada ya kufundisha tangu ujana wangu. Wenzetu waliotutangulia katika utumishi wa umma waliondoka wakiwa na miaka 55, kabla ya umri huo kuongezwa mwaka 2009, na nimewaona wengi wao wakinyong'onyea nyumbani kabla hata mafaili yao ya pensheni hayajashughulikiwa. Ndiyo maana nilipopata habari ya kozi ya wanaokaribia kustaafu, inayofanyika Jumamosi tatu mfululizo katika ukumbi mmoja kando ya Barabara ya Ngong, nililipa ada ya shilingi 7,500 bila kusita. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama fedha hizo zina thamani yake.

Jumamosi ya kwanza ilihusu fedha tupu. Tulielezwa jinsi kiinua mgongo kinavyokokotolewa, tukaonywa tusikimbilie biashara tusizozijua, na tukakumbushwa wimbi la ufugaji wa kware la miaka ya 2013 na 2014, ambalo lilimeza akiba za watu wengi. Haya ni maarifa ya lazima, ingawa mengi yake mtu makini huwa ameshayasikia chamani. Lililoniudhi ni kwamba wakati wa chai ya saa nne aliingizwa muuzaji wa ploti, akapewa nusu saa nzima ya kutunadia ardhi. Watu waliokuja kufundishwa kulinda kiinua mgongo chao hawapaswi kuwekwa mbele ya mtu anayekitaka. Niliwaambia waandaaji hivyo waziwazi, nao wakaahidi kulirekebisha.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Mwezeshaji, mama aliyestaafu uuguzi miaka kadhaa iliyopita, alimgawia kila mmoja wetu karatasi yenye jedwali la siku saba na saa 24, yaani visanduku 168, pamoja na penseli tatu za rangi. Tulitakiwa kupaka usingizi rangi moja, kazi rangi ya pili, na mengineyo rangi ya tatu. Mimi hutoka Rongai saa kumi na moja alfajiri ili niwahi shuleni Eastlands, nami hurudi saa mbili usiku kwa sababu ya msongamano wa magari. Kwa siku tano, kazi na safari zake vilichukua visanduku 75. Kisha akapita na kifutio, meza baada ya meza, akituamuru tufute rangi yote ya kazi.

"Hapa utaweka nini, Mwalimu?" aliniuliza.

"Shamba," nikajibu, kama walivyojibu karibu wote waliokuwa ukumbini.

"Shamba lipi, na saa ngapi kwa wiki?"

Shamba langu ni ekari moja na nusu kule Kitui, na kwa miaka mingi limetunzwa na mpwa wangu, ambaye analijua kuliko mimi. Nilipiga hesabu kwa uaminifu nikapata saa sita. Nilibaki nikiitazama karatasi yenye visanduku 69 vitupu, na sikumbuki mara ya mwisho niliponyamaza kwa muda mrefu hivyo mbele ya darasa lolote.

Hapo ndipo alipotueleza habari za mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mnamo Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Nilidhani tungepewa hotuba ya kawaida kuhusu kutokata tamaa, lakini mama yule alikazia sababu ya mzee mwenyewe: alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu fedha zake bila kutegemea mtu. Haja yake ilikuwa ndogo, ya dhahiri, na yenye mahali pa kwenda kila asubuhi. Kazi tuliyopewa ya nyumbani ilikuwa kujaza angalau visanduku kumi kwa shughuli ambayo usipofika, kuna mtu atakayeuliza uko wapi.

Nilianza na viwili. Kila Jumapili alasiri ninawafundisha ngumbaru akina mama watatu wa mtaani kwetu. Mmoja wao, bibi mwenye wajukuu tisa, hahitaji cheti. Anachotaka ni kuyasoma majina yaliyomo kwenye simu yake ili ajue anampigia nani. Wiki iliyopita alilisoma jina la bintiye herufi kwa herufi, akampigia papo hapo, akamwambia, "Nimekutafuta mwenyewe." Katika miaka yote ya ualimu wangu ni mara chache nimeona somo likitumika upesi namna hiyo.

Jumamosi ya tatu ilihusu afya, nayo ilikuwa nzuri na fupi.

Kasoro kubwa iliyobaki ni kwamba wenzi wa ndoa hawaalikwi. Nilipomwonyesha mama watoto jedwali langu, aliniambia kwamba nyingi kati ya saa hizo nitazikalia nyumbani kwake, ambako ana ratiba yake ya miaka mingi, na akauliza kwa nini hakuna aliyemshirikisha. Ana haki kabisa. Tulilazimika kuanza upya tukiwa wawili, jikoni, na mazungumzo ya jioni ile yalinifaa kuliko mada kadhaa za ukumbini.

Kwa hiyo ninaipendekeza kozi hii, hasa kwa ajili ya siku ya pili, lakini ningemshauri mtu aende akiwa na miaka 56 au 57, angali ana muda wa kujaribu shughuli na kuiacha isipomfaa. Waandaaji wakikubali kuwapokea wenzi, nitalipa tena ili twende pamoja.