Huduma za MJUMITA kwa kijiji chenye msitu: tathmini ya mjumbe wa kamati

Kwa miaka minne nilikuwa mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu wilayani Kilosa, na katika muda huo tulizitumia huduma za Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, ambao wengi tunauita MJUMITA. Naandika kwa ajili ya vijiji vinavyojiuliza kama kujiunga nao kuna faida. Ipo, na iliyo kubwa kuliko zote haimo msituni bali kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Mtandao huu ulianza mwaka 2000 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, ukasajiliwa kuwa asasi inayojitegemea mwaka 2007, na nguvu yake kubwa iko katika vijiji vinavyozunguka Milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikwisha kuvipa vijiji haki ya kutenga msitu wao, kuusimamia na kunufaika na mapato yake, lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haimsaidii. Kabla ya mafunzo, mfanyabiashara alikuja na lori, akamalizana na mtu mmoja kando ya barabara, magunia ya mkaa yakaondoka bila stakabadhi, nasi tukabaki na visiki.

Walichotufundisha kwanza ni kubandika mapato na matumizi ya msitu kwenye ubao wa matangazo, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Katika mkutano mkuu uliofuata, bibi mmoja alisimama akauliza kwa nini posho ya doria imeandikwa siku saba ilhali mjukuu wake alikwenda siku nne tu. Mtunza hazina alilazimika kukifungua kitabu mbele ya watu wote, ukurasa kwa ukurasa, na hesabu ikarekebishwa palepale. Tangu siku hiyo wanawake, ambao awali walikaa nyuma wakinong'ona, wanafika mapema na maswali yao.

Upande wa msitu wenyewe, mpango wa mkaa endelevu ulioanza Kilosa mwaka 2012 kwa ufadhili wa Uswisi unastahili sifa. Eneo la kuvuna linagawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50, mmoja unakatwa na wa jirani unaachwa, na uliokatwa unapumzishwa miaka 24. Visiki huachwa virefu kiasi ili vichipue, na nimeona kwa macho yangu machipukizi ya myombo yaliyonifika begani katika mraba uliovunwa nikiwa kwenye kamati. Kingo za mito haziguswi, wala miti yenye viota, na mninga hauchomwi mkaa. Kwa mpango huo mwenye tanuri anapata riziki, na ndege wanabaki na mahali pa kutagia.

Kasoro ninayoiona ni kwamba mafunzo yanawafuata viongozi, na viongozi wa kijiji huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Wakitoka wanaondoka na ujuzi wao, na kamati mpya inaanza upya, wakati mwingine bila kujua hata rangi ya mpaka ilipigwa kwenye miti ipi. Ningependa sana vijana wasio na vyeo, hasa wale wanaokwenda doria, wafundishwe sambamba na wajumbe, kwa kuwa hao ndio wanaobaki.

Kijiji kinachotaka kujiunga kianze na mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kikubaliane na majirani kuhusu mipaka kwa maandishi kabla ya jambo lingine lolote. Sisi tulipoteza msimu mzima wa kiangazi tukibishana juu ya korongo moja.