MoonSked au WSJT-X: programu ipi ya kupangia mawasiliano ya redio kwa kudundisha ishara mwezini?

WSJT-X, iliyoanzishwa na Joe Taylor (alama yake ya redio ni K1JT), mshindi wa Nobeli ya Fizikia ya 1993, ni ya bure. Dirisha lake la data za kiastronomia linakuonyesha mwezi ulipo sasa hivi: azimuthi (uelekeo wake), mwinuko, mhamo wa Doppler (masafa yanavyosogea kwa sababu ya mwendo), kelele ya anga na desibeli (kipimo cha nguvu ya ishara) unazopoteza. Ukiwa tayari hewani, hiyo inatosha.

Kupanga wiki mbili mbele ni kazi nyingine, na hapo MoonSked inaizidi mbali: inakutafutia saa ambazo mwezi umechomoza kwako na kwa mwenzako unayewasiliana naye. Ila si kila saa ya namna hiyo inafaa. Umbali wa mwezi hubadilika kati ya takriban kilomita 356,500 na 406,700, na tofauti hiyo pekee hula zaidi ya desibeli 2. Kwenye megahezi 144, mwezi ukipita karibu na kitovu cha Njia Nyeupe (galaksi yetu), kelele ya redio itokayo huko humeza ishara hata umbali ukiwa mzuri. Mwezi unapoandama nao hauna faida, jua liko jirani yake mno, nalo pia hutoa kelele.

Mwenye antena moja ya Yagi apige hesabu hizo kabla ya kumpa mwenzake miadi. Mwenye antena ya dishi kubwa anaweza kubahatisha.