Uzoefu wangu: nilipeleka meshi ya chumba, nikarudishiwa chumba cha kilomita 6

Kama una meshi (mchoro wa nafasi uliokatwa kuwa vijiseli vya kuhesabia hewa inavyopita) ya Fluent, programu ya kulipia, na unataka kuihamishia OpenFOAM, ya bure, kuna ofisi moja maeneo ya Sinza watakwambia kazi ni ndogo, lete tu flashi. Usipeleke. Naandika nikiwa na hasira bado, na sioni sababu ya kusubiri zipoe.

Kazi yenyewe ni chumba cha baridi cha mteja wangu pale Feri. Samaki wa kona ya ndani wanalegea huku wale wa karibu na mlango wakiwa imara, kwa hiyo nilitaka kuona hewa ya feni inapita wapi. Meshi aliitengeneza mwenzangu aliyekuwa na leseni ya Fluent. Leseni imeisha, faili limebaki kwenye ule muundo mpya wa h5, na vigeuzi vya OpenFOAM vinataka muundo wa zamani wa maandishi. Nilihitaji mtu mwenye Fluent alifungue, aliandike upya, kisha alipitishe kwenye kigeuzi kinachoitwa fluent3DMeshToFoam. Basi. Na WhatsApp niliwaandikia kwa herufi kubwa: VIPIMO NI MILIMITA. Tiki mbili za bluu zikaja.

Nikalipa, nikachukua faili, nikaiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nafungua picha: hewa imeganda mbele ya feni, kwingine kote hakuna kitu. Maana OpenFOAM ukiipa namba inaihesabu kuwa mita. Chumba changu cha milimita 6000 kilikuwa kimeingia kikiwa cha mita 6000, kama mwendo wa kutoka Posta hadi karibu na Morocco. Feni inayosukuma hewa mita 5 kwa sekunde, kwa dakika nzima inaifikisha mita 300. Kona ya ndani itafikiwa lini?

Kurekebisha ni amri ya mstari mmoja, transformPoints, inayozidisha vipimo vyote kwa 0.001, na niliifanya mwenyewe kabla sijapanda daladala kuwafuata. Sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kuwaambia ili mteja mwingine asiumie. Angekuja mtu na kazi ya hali tulivu, isiyohesabu muda, hesabu ingemalizika vizuri tu, picha za rangi zingetoka, na namba ya Reynolds, ile inayoonyesha kama hewa inapita kwa utulivu au kwa kuvurugika, ingekuwa mara 1000 ya ile halisi. Mtu anapeleka ripoti kwa mteja hivyo hivyo.

Sasa mapokezi. Mwenye ofisi, mtu mzima kabisa, hakuniambia hata kaa. Akageuza skrini, akaendesha checkMesh, amri ya OpenFOAM ya kukagua meshi, mbele yangu, akawa anagonga kioo kwa kalamu pale chini, "Mesh OK". Akasema, "Dada, si unasoma? Imeandikwa OK. Tatizo ni wewe, programu hujaijua." Juu ya hiyo OK, skrini hiyohiyo, mipaka ya chumba imeandikwa wazi: 6000, 4000, 3000. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakutazama. Akaendelea kugonga.

checkMesh inakagua umbo. Inatazama kama seli zimefungana, kama zimepinda kupita kiasi, kama kuna pembe zilizozidi digrii 70. Haijui kama ulichochora ni chumba au wilaya, na haina namna ya kujua. Mtu anayetoza watu pesa kwa kazi hii anatakiwa ajue jambo hilo kabla hajafungua mdomo kumdhalilisha mteja mbele ya vijana wake.

Niseme haki lakini. Kijana aliyeifanya kazi yenyewe ni fundi. Majina ya mipaka yote yamebaki: feni ni feni, mlango ni mlango, na kuta zimeandikwa kuwa ni kuta. Hapo ndipo wengi wanaharibu, ukuta unatoka umeandikwa patch tu, yaani uso wa kawaida, halafu fomula za hewa inayovurugika karibu na ukuta zinagoma na programu inakufa kabla ya hatua ya kwanza. Kwangu mimi zilikubali bila kuguswa. Na yule kijana alinifuata hadi kwenye ngazi akasema, "Dada, samahani, ile meseji ya milimita mimi sikuonyeshwa." Namwamini. Kwa hiyo nalegeza niliyosema juu: ukimkuta yeye, mpe.

Ila utamkutaje bila kupita kwa mwenye kalamu? Hapana. Nimefikiria tena, sirudi pale, na pesa yangu hakuna aliyeizungumzia mpaka leo. Ambaye hana njia nyingine, asilipe kabla hajawaambia waendeshe checkMesh na kuusoma ule mstari wa mipaka kwa macho yake mwenyewe.