Kutoka rimu 19 nyeusi hadi 18 za kijivu: uzoefu wangu na Forester iliyoshushwa, Dodoma

Subaru Forester yangu ni umbo la SH5, toleo la XT lenye turbo, nyeupe. Niliishusha kwa springi fupi kama sentimita tatu na nusu, na kwa hilo sijuti hata kidogo: kwenye kona haiyumbi tena kama mlevi. Tatizo ni kwamba baada ya kushuka, rimu 17 za kiwandani zilionekana kama kandambili chini ya suti. Hapo ndipo nilipoanza kupoteza pesa.

Seti ya kwanza niliipata Dar kwa picha za simu. Rimu used kutoka Japani, saizi inchi 19, upana inchi 8.5, ofseti 35 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa; ikipungua, rimu inatoka nje zaidi), nyeusi ya kung'aa, zimeshavalishwa matairi 225/40, yaani upana milimita 225 na ubavu asilimia 40 ya upana huo. Muuzaji akaniambia, "Bosi, 5 kwa 100, zinaingia moja kwa moja," yaani boliti tano kwenye duara la milimita 100. Kweli ziliingia. Ila kuingia kwenye boliti ni jambo moja, kukaa mahali pake ni jingine. Za kiwandani zilikuwa upana wa 7 na ofseti 48. Piga hesabu: ukingo wa nje wa rimu mpya umetoka milimita 32 zaidi. Nikiwa peke yangu garini, safi kabisa. Nikipakia mama watoto, wadogo zake wawili na gunia la mahindi kutoka kwetu Kondoa, matairi ya nyuma yanalamba fenda kila tuta.

Kuhusu ubavu wa tairi, wengi tunatazama namba ya rimu tu. Tairi la kiwandani, 225/55R17, lina ubavu wa milimita 124 hivi. Hilo la 225/40R19 lina 90. Yaani nilishusha springi, halafu nikapunguza na mpira uliotakiwa kufanya kazi ambayo springi haiwezi tena. Juu ya hapo, tairi zima lilikuwa fupi kuliko la kiwandani kwa karibu milimita 17, kwa hiyo gari lilishuka tena milimita nane bila mimi kupanga, na spidi ikawa inasoma 100 wakati nakwenda 97 na ushee. Afadhali idanganye upande huo, angalau tochi za barabarani hazikunipata.

Rasta za barabara ya Morogoro nilizihisi kwenye meno. Ila kilichonimaliza ni mtaani kwangu, Nzuguni. Mvua ya Januari ilikata korongo dogo katikati ya njia, maji yakalifunika, nami nikaingia na tairi la mbele kushoto. Mlio wake nausikia mpaka leo. Asubuhi tairi liko chini.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi tairi, Mgogo wa siku nyingi. Nimemwamkia shikamoo, ameitika marahaba, akalizamisha tairi kwenye pipa. Mapovu yakatoka, ila hayakutoka kwenye mpira. Yalitoka kwenye rimu, upande wa ndani. Mzee akachukua bisibisi, akakwangua ile rangi nyeusi nzuri, ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake kovu la kuchomelea, urefu wa kidole, na ufa mpya umepita pembeni yake.

"Mwanangu, hii ilishavunjika kabla yako. Wewe umeuziwa rangi."

Akaniinulia nyingine tatu moja moja, akazigonga kwa spana. Mbili zililia kama kengele. Ya tatu ililia pia, kidogo chini. Ile yenye kovu ilitoa sauti ya sufuria lililojaa ugali. Nilimpigia muuzaji, akasema mzigo ukishatoka dukani haurudi. Namba yake nimefuta, na duka silitaji. Lakini tangu siku hiyo kwangu rangi ya rimu si urembo tu. Rimu used iliyopakwa upya nyeusi mbele na nyuma, bila mkwaruzo hata mmoja, inanitia shaka kuliko yenye makovu yake.

Na kwa sababu Subaru inasukuma magurudumu yote manne, huwezi kuokoteza tairi lolote ukalipachika. Mzingo wa matairi manne usipishane zaidi ya milimita sita hivi, vinginevyo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote na inachemka. Tairi moja likifa vibaya wakati wenzake wamelika, umeingia gharama ya mawili au manne.

Seti ya pili nilikwenda kuchagua mwenyewe. Treni ya SGR imerahisisha hilo: asubuhi unatoka Dodoma, jioni umerudi, gari umeliacha nyumbani. Nilichukua 18, upana 7.5, ofseti 45, na matairi mapya 225/50R18. Ukingo umetoka milimita 9 tu. Kimo cha tairi ni 682 dhidi ya 679 za kiwandani, na ubavu umerudi mpaka 112. Uzito wa kubeba ni namba 95, yaani kilo 690 kwa tairi, kwa hiyo gunia la mahindi halina neno. Kabla ya kulipia matairi nilisoma tarehe ubavuni, zile tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka wa kutengenezwa. Duka la kwanza walitaka kunipa ya miaka sita kama mapya. Kwa jua letu hili, hapana.

Sasa rangi. Nyeusi ya kung'aa nimeishi nayo miezi mitano: ukiegesha Mtumba hadi mchana, vumbi letu jekundu limeshaifanya tofali. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu, ule mchanga unachora miduara ambayo juani inaonekana yote. Zile zenye uso uliochongwa na mashine ukang'aa nilizipenda sana dukani. Ila juu ya alumini kuna laki nyembamba tu, na ikichubuliwa na jiwe, maji yanaingia chini yake na kuota utandu mweupe kama wa buibui. Jirani yangu zake zimeharibika zote, na vijana wa kuosha magari walimsaidia kwa kuzimwagia asidi. Kromi naiachia daladala. Rangi ya shaba ilinitamanisha, ila hiyo Dodoma unaipata bure ukiendesha siku mbili Nzuguni.

Nikachukua kijivu cha chuma, kisichong'aa sana, rangi yake ya kiwandani, na mikwaruzo miwili ya ukingo wa barabara ambayo sikuigusa. Vumbi la breki lenyewe ni kijivu cheusi, kwa hiyo linajificha humo. Vumbi la barabarani linaonekana, lakini kwa adabu. Naosha mara moja kwa wiki, maji kwanza kuondoa mchanga, halafu sabuni ya kawaida, rimu zikiwa zimepoa.

Si kwamba seti hii haina kasoro. Tundu la katikati lilikuwa milimita 73.1 na la Subaru ni 56.1, na mimi sikununua ringi za kuziba nafasi hiyo ili rimu ikae katikati. Kwenda Kondoa, kufika 90 usukani ukaanza kutetemeka, nikadhani ni balansi, nikalipia balansi mara mbili bure. Ringi ziliagizwa, mtetemo ukaisha. Pia angalia nati: za Subaru ni M12 kwa 1.25, za Toyota ni M12 kwa 1.5; unene ni uleule, milimita 12, ila nafasi kati ya nyuzi ni tofauti. Kijana mmoja barabarani alipochukua nati ya Toyota na kuanza kuikaza kwa nguvu kwenye boliti yangu, nilimzuia mkono.

Kwa macho, nakiri 19 ilijaza fenda kuliko hii. Rafiki zangu wawili wamesema gari limepoa. Mama watoto, ambaye hajui 18 wala 19, aliuliza tu mbona siku hizi chai haimwagiki.

Zile 19 tatu bado ziko stoo. Kuna kijana wa Singida ananisumbua anataka seti nzima na anasema ya nne niichomelee tu, atapaka rangi mwenyewe. Ya nne nilishaikata vipande viwili kwa gurinda, nikauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.