Uzoefu wangu wa kupimwa matiti kwa mamografia

Kwa miaka 3 niliahirisha kipimo hiki, yaani picha ya eksirei ya matiti ya kutafuta saratani, kwa kuogopa maumivu niliyosimuliwa na wenzangu, ilhali nilipokwenda maumivu ndiyo yaliyonisumbua kidogo kuliko yote.

Kabla ya kuanza, mpiga picha aliniuliza kama nimepaka dawa ya kuzuia jasho kwapani. Nilikuwa nimepaka. Alinipa kitambaa kibichi nijifute, akanieleza kwa upole kwamba chembe za madini zilizomo katika dawa hizo huweza kuonekana pichani kama vidoa vya chokaa, ambavyo madaktari huvitafuta kwa makini kwa sababu wakati mwingine ndivyo dalili ya mapema ya saratani, hata kabla uvimbe haujashikika kwa vidole. Maelezo hayo yalistahili kuwamo katika ujumbe wa miadi. Kisha kila titi lilibanwa mara 2 kati ya vibamba viwili, kutoka juu na kwa mshazari, ili litandazike, picha iwe safi na mionzi itumike kidogo. Nilikunja uso kwa sekunde chache, yakaisha. Anayepata hedhi achague wiki inayofuata baada ya kumaliza, kwani matiti huwa hayaumi sana.

Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito. Nilipigiwa simu nirudi kwa vipimo zaidi, bila neno jingine lolote, na kwa siku 2 sikula wala kulala, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba wengi wanaoitwa tena hawakutwi na saratani. Niliporudi, daktari alinionyesha picha yangu: tishu za matiti yangu ni nzito, yaani zimeshonana, nazo huonekana nyeupe, uvimbe nao huonekana mweupe, hivyo kimoja huweza kukificha kingine. Altrasaundi ikaonyesha kifuko cha maji tu, kisicho na madhara.

Kwa umahiri na heshima ya wahudumu ninakipendekeza kituo hiki, ila wajifunze kutoa habari kwa simu. Daktari alinisisitizia pia kwamba nikiona ngozi ya titi imebonyea, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nisisubiri kipimo kijacho kwa kutegemea majibu haya mazuri. Dada yangu, aliyekuwa akiahirisha pamoja nami, amekwisha kuomba miadi yake, nami nitamsindikiza.