Sauti kwa vichwa vidogo vya geji nyembamba: ununue nini kwanza

"Baba, treni yako inalia kama mbu."

Binti yangu alikuwa na miaka sita aliponitolea hukumu hiyo. Nilikuwa nimetumia zaidi ya pauni 100 kwa dikoda ya sauti, yaani kadi ndogo ya elektroniki inayoongoza mota na kutoa sauti, na jioni tatu nzima kuisokomeza ndani ya kichwa cha treni ya modeli kisichozidi kidole changu cha kati. Nikajaribu kubisha, lakini mtoto alikuwa amesema kweli. Dikoda haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la spika niliyoibandika wazi juu ya mota, bila kisanduku, kwa sababu niliamini nimenunua kitu cha bei na kitajitengeneza chenyewe.

Naandika nikiwa na vichwa tisa mezani, vinne vina sauti nzuri, viwili vina sauti ya kuvumilika, na vitatu nimeamua viende kimyakimya. Vyote ni vya OO9, yaani skeli ya 1:76 juu ya reli yenye geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 9. Reli hiyo ni ileile ya treni za modeli za skeli ya N, lakini kichwa kinachokaa juu yake ni mfano wa garimoshi la reli ya futi mbili, kama yale ya Ffestiniog kule Wales au ya Lynton & Barnstaple, reli ya Devon iliyofungwa mwaka 1935. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana: reli za sentimita 60 za mashamba ya mkonge zilikuwa za ukoo huohuo.

(Ndiyo, reli ya mita ya Kenya na Tanzania nayo ni geji nyembamba. Yale majitu ya Garratt ya daraja la 59, 34 kwa idadi, yaliundwa na Beyer Peacock pale Gorton, safari ya basi tu kutoka ninapoishi hapa Manchester, na mawili bado yamesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ila anayetaka geji ya mita kwenye modeli hujikuta akinunua vichwa vya Uswisi vya Bemo, vya skeli ya 1:87 kwenye reli ya milimita 12. Hayo tuyaache.)

Kabla ya sauti, kitambae

Usinunue sauti kwa kichwa kinachokwamakwama. Kwenye kichwa kikubwa chenye magurudumu manane yanayovuta umeme, uchafu kidogo kwenye reli hausikiki. Kichwa cha magurudumu manne kikipita juu ya swichi ya plastiki (pale reli zinapogawanyika), gurudumu moja likikosa umeme dikoda inazimika, sauti inakatika, kisha kichwa kinajiwasha upya na kuanza tena kelele za kuwasha boila. Inachekesha mara ya kwanza tu.

Kipimo changu ni hiki. Garimoshi la shambani au la machimbo likitembea kilomita 15 kwa saa, kwa skeli ya 1:76 linapaswa kukata sentimita 55 hivi kwa sekunde 10. Weka rula, shika saa. Kisha fikiria mapigo: garimoshi la silinda mbili hupiga mvuke mara nne kila gurudumu likizunguka. Gurudumu la sentimita 60 kwa mwendo huo huzunguka mara mbili na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo unasikia karibu mapigo tisa kila sekunde. Hapo tayari mapigo yameshaungana na kuwa mngurumo. Utamu wote wa sauti ya kichwa kidogo uko chini ya hapo, kwenye kilomita tano kwa saa, mapigo matatu kwa sekunde, kikipanda na mabehewa yake kama mzee anayepanda ngazi. Kichwa kisichoweza kutambaa polepole hivyo hakitakupa unachokilipia.

Safisha magurudumu, angalia vyuma vinavyogusa magurudumu nyuma, ongeza uzito kama nafasi ipo. Halafu nunua dikoda ya kawaida isiyo na sauti, ikitembea vizuri ndipo urudi dukani. Najua ni kununua mara mbili. Hiyo ya kwanza utaitumia kwenye kichwa kingine.

Sasa orodha, kutoka ninayoipenda zaidi.

1. Dikoda ndogo ya sauti ndani ya kichwa chenye soketi ya Next18

Ikiwa kichwa chako kimetoka kiwandani na soketi ya Next18, umerahisishiwa. Ni soketi ya pini 18, na pini mbili kati ya hizo ni za spika, kwa hiyo huhitaji kulehemu kitu kwenye dikoda yenyewe. Ninachokiweka ni Zimo MS590N18. Mwendo wake wa polepole ndio uliofanya niiweke ya kwanza, hasa kwa zile mota ndogo zisizo na kiini cha chuma, ambazo dikoda nyingine huzitetemesha. Ikitetemeka, cheza na CV 9 (CV ni namba za mipangilio ya dikoda) kabla ya kulaumu mota.

ESU LokSound 5 micro ya Next18 nayo ni nzuri, na kwa maoni yangu rekodi zake nyingi ni tamu kuliko za Zimo. Ikiwa una kifaa chao cha LokProgrammer, au rafiki mwenye nacho, unaweza kufuta sauti na kuweka nyingine mwenyewe nyumbani. Kwangu ni karibu sare. Mwendo ndio ulioamua.

Kwa yoyote kati ya hizo mbili, mwambie muuzaji akuwekee sauti ya garimoshi dogo. Mimi niliwahi kupokea kichwa cha machimbo kikilia kama treni ya abiria ya London. Muuzaji alidai "mvuke ni mvuke". Si kweli: filimbi ya kichwa kidogo ni nyembamba, na mpigo wake ni mkavu.

2. Dikoda ya waya kwa kichwa kisicho na soketi

Vichwa vingi vya OO9 na H0e (skeli ya 1:87 kwenye reli hiyohiyo ya milimita 9), hasa vya zamani, havina soketi kabisa. Hapa ukubwa ndio kila kitu. Zimo MS500 ni ya milimita 14 kwa 10, na unene wake haufiki milimita tatu. Nimeiweka kwenye kibanda cha dereva, nikaifunika kwa karatasi nyeusi, na wageni hawaioni mpaka waambiwe. LokSound 5 micro ina urefu wa milimita 28 na unene wa tano, kwa hiyo ipimie kwanza kwa kipande cha plastiki cha vipimo hivyo. Ikigoma, ipo Nano, ambayo ni ndogo zaidi.

Hatari kubwa ya kazi hii ni moja, na ilinila dikoda nzima: mota lazima itengwe kabisa na fremu na reli zote mbili. Vichwa vingi vya zamani vilipitisha umeme wa upande mmoja kwenye fremu yenyewe, na burashi moja ya mota imegusa hapo. Chukua multimita, weka kwenye mlio, gusa kila terminali ya mota na kila gurudumu. Ikilia hata mara moja, usiunganishe. Mimi nilipima nikiwa nimefungua bodi. Nilipoifunga, skrubu ikasukuma burashi ikagusa fremu, kikatoka kimoshi chembamba chenye harufu ambayo kila fundi anaijua. Pima tena baada ya kufunga. Waya za spika nazo zisiguse chuma chochote.

3. Behewa la sauti

Wapo wanaoliona hili kama kushindwa. Mimi naliona kama busara, hasa kwa vichwa vidogo kabisa ambavyo ndani yake hamuingii hata punje ya mchele. Weka dikoda ya kawaida kwenye kichwa, dikoda ya sauti kwenye behewa la mizigo linalofuata, zote mbili zipe anwani moja, kisha kichwa na behewa uviunganishe visiachane. Behewa lina nafasi ya spika kubwa mara tatu, na umbali wa sentimita sita kati ya sauti na bomba la moshi hakuna sikio litakaloutambua.

Jambo moja tu litakusumbua: kwenye reli ya kuprogramu, dikoda hujibu kwa kuipiga mota kidogo ili mfumo uone umeme umeongezeka. Behewa halina mota, kwa hiyo utaambiwa hakuna dikoda. Weka rezista ya omu 100 hivi kwenye waya mbili za mota na itajibu. Ongeza magurudumu yanayochukua umeme kwenye behewa pia, la sivyo sauti itakuwa ya kukatikakatika.

4. Kichwa chenye sauti kutoka kiwandani

Ningekipandisha juu kama si bei, na kama si kwamba hukuchagua spika wewe. Bachmann wametoa Double Fairlie ya Ffestiniog katika OO9, na kichwa hicho ni cha pekee kwa sababu garimoshi lenyewe lina injini mbili chini ya boila moja yenye pande mbili, hivyo mapigo ya pande hizo huenda pamoja, yakaachana, yakarudi tena. Rekodi ikifanywa vizuri, hutachoka kuisikiliza. Kwa vichwa vya kawaida, nunua chenye soketi na uweke mwenyewe.

5. Kwa skeli kubwa: Blunami, au kadi ya sauti na betri

Ukihamia On30, yaani 1:48 juu ya reli ya milimita 16.5, ambayo Bachmann waliifanya iwe ya watu wengi kuanzia 1998, nafasi inakuwa kubwa na mambo yanabadilika. Blunami ya SoundTraxx huongozwa kwa simu kupitia Bluetooth, kwa hiyo huhitaji kununua mfumo mzima wa DCC, yaani ule wa kutuma amri za kidijitali kupitia reli. Kwa anayeanza na kichwa kimoja, hesabu hiyo ina maana.

Kwa treni za bustani za reli ya milimita 32 au 45 zinazotumia betri, kadi kama za MyLocosound hufanya kazi bila DCC kabisa: zinasoma volti ya mota na kutoa mapigo. Agiza kadi kwa posta ukitaka, lakini betri za lithiamu nunua hapo ulipo, maana mashirika ya ndege yana masharti makali nazo. Na kama utawahi kununua kichwa cha mvuke halisi, kama vile vya Roundhouse, acha spika dukani. Kile kinalia chenyewe.

6. Spika chini ya meza

Sauti nzito, ndiyo, lakini treni iko kushoto na mvuke unapiga kulia. Nimejaribu wiki mbili, nikang'oa.

Usinunue kabisa: dikoda ya sauti kwa ajili ya reli ya umeme wa kawaida usio wa DCC. Dikoda nyingi hazizinduki mpaka volti zifike tano au sita, kwa hiyo kichwa kinakaa kimya, kisha kinaruka kama kimechomwa sindano. Kule kutambaa tulikokusifu hukupati.

Spika, ambayo ndiyo ningeianzia

Kati ya spika ya pauni tano na dikoda ya pauni 100, spika ndiyo iliyobadilisha kauli ya binti yangu. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja. Inaposukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na hewa hizo zikikutana zinafutana, kwanza zile sauti nzito. Kinachobaki ni mbu. Kisanduku kilichofungwa nyuma ya spika huzuia hilo.

Nunua zile spika za mstatili za aina ya simu, milimita 15 kwa 11 kama zinaingia, 12 kwa 8 kama haziingii, omu 8. Spika ya iPhone 4 iliwahi kupendwa sana na watu wa hobi hii, kwa hiyo msomaji wa Dar au Mombasa asiagize Ulaya kabla hajamwona fundi simu. Kisanduku tengeneza kwa vipande vya plastiki ya milimita moja. Kirefu ni bora kuliko kifupi, lakini cha milimita tano kilichozibwa kinashinda cha kumi chenye ufa.

Kile kichwa cha mbu nilikifungua tena. Spika ilikuwa na kisanduku safari hii, lakini sauti bado ilikuwa na mkwaruzo. Nikaweka kidole kwenye pembe ambapo waya zinatokea, mkwaruzo ukakatika. Nikaondoa kidole, ukarudi. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ncha ya pini. Tone moja la gundi nyeupe, nikaliacha likauke usiku kucha, na asubuhi mpigo ulikuwa na kifua.

Kama kuna nafasi imebaki, iache kwa kapasita ya kushikilia umeme. Hata sekunde nusu tu inavusha kichwa juu ya swichi chafu. Ikiwa ni lazima uchague kati ya spika kubwa na kapasita, kwa kichwa cha magurudumu manne chagua kapasita.

Mwisho, punguza sauti. Ni CV 266 kwa Zimo na CV 63 kwa ESU. Kama inavyotoka kiwandani mara nyingi ni kubwa mno kwa sebule, na spika ndogo huanza kupasuka. Ya kwangu nimeishusha mpaka 40. Mke wangu angependelea 20.