Maana 645 za neno moja: Oxford English Dictionary mikononi mwa mfasiri

Sentensi iliyonifikisha kwenye kamusi hii ilikuwa na maneno manne tu: "She runs the office." Programu ya kutafsiri niliyokuwa nikiitumia wakati huo iliirudisha ikiwa "Anakimbia ofisi", nami nikaiacha ipite bila kuisoma mara ya pili, mpaka mhariri aliponiuliza kwa upole huyo mama anaikimbia ofisi kwa sababu gani, au kuna watu wanamdai. Kwa Kiswahili anayekimbia ofisi ni mtu anayeihepa, ilhali aliyekusudiwa hapo ndiye mwenye kuiendesha. Kwa hiyo nilipopata kuitumia Oxford English Dictionary mtandaoni kwa usajili wa maktaba, kidahizo (yaani neno linalofafanuliwa) cha kwanza kukifungua kilikuwa "run", na mapitio haya yanakihusu hicho zaidi kuliko kamusi nzima, ambayo hakuna mtu mmoja awezaye kudai kuwa ameimaliza.

Ukubwa wake utajwe mapema, ingawa si jambo linalonivutia zaidi. Toleo la kwanza lilianza kutoka sehemu kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kifo cha mhariri wake maarufu, James Murray. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kama kitenzi lilipewa maana zaidi ya 430. Marekebisho ya toleo la tatu yalipofikia "run", mtunga kamusi Peter Gilliver alikishughulikia kitenzi hicho kwa miezi tisa, akatoka na maana 645. Watu hupenda kuzishindanisha namba hizi mbili kama matokeo ya mpira. Mimi sioni kama ni haki, kwa kuwa zinatokana na matoleo mawili tofauti, na kila mhariri huwa na kipimo chake cha kuamua wapi maana moja inaishia na nyingine inaanzia.

Mwenye kuufungua ukurasa huo kwa mara ya kwanza hukutana na msitu. Maana hazikupangwa kwa kadiri zinavyotumika leo, bali kwa mpangilio wa kihistoria, na kila moja inasindikizwa na nukuu zenye tarehe, kuanzia ya zamani kabisa iliyopatikana hadi za karibuni. Matumizi yaliyokufa hayaondolewi, yanawekewa tu alama ya kisu kidogo na kubaki mahali pake, kama makaburi katikati ya makazi. Nilisoma kwa muda mrefu bila kuona nafuu yoyote, kisha nikarudi juu kwenye maelezo ya asili ya neno, ambayo kwa pupa nilikuwa nimeyaruka, na hapo ndipo jambo lenyewe liliponifungukia.

"Run" ya leo ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale vilivyoyeyuka vikawa kimoja. Cha kwanza kilikuwa kitenzi sielekezi, yaani kisichohitaji mtendwa, chenye maana ya kukimbia na kutiririka. Cha pili kilikuwa jamaa yake wa kauli ya kutendesha, kilichohusu, kwa mfano, kupanda farasi na kumtimua mbio. Kwa lugha yetu, ni kana kwamba "kimbia" na "kimbiza", au "enda" na "endesha", vingekuwa vimechakaa kwa kutumika mpaka vikatamkwa sawasawa. Sisi tunacho kiambishi kinachotuambia nani anakwenda na nani anaendeshwa. Kiingereza kilikipoteza, na neno moja likabaki na mzigo wa mawili. Anayeongoza ofisi yumo katika tawi la "endesha", pamoja na mwenye kuwasha mashine au kutekeleza programu ya kompyuta. Pua inayotoka kamasi, rangi ya kitambaa inayochuja na bomba lililofunguliwa vimo katika tawi la kutiririka. Nilipokuwa na picha hiyo, maana nyingi kati ya zile 645 zilijipanga zenyewe, hata zile ambazo sikuwahi kuziona. Kwa mfasiri wa Kiswahili faida hii ni kubwa kuliko orodha yoyote ya visawe, na sijaikuta katika kamusi ndogo, kwa sababu hizo huanza na maana ya leo bila kuonyesha ilikotoka.

"Set" inalithibitisha jambo hilohilo kwa njia fupi zaidi. Asili yake ni kitenzi cha kutendesha cha "sit", yaani uhusiano wao ni ule wa "keti" na "ketisha", isipokuwa kwamba Kiingereza kilibadilisha irabu ya ndani badala ya kuongeza kiambishi mwishoni. Lakini "set" yenye maana ya kundi la watu au vitu, ambayo wengi wetu tumeikubali katika umbo la "seti", ilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini lililohusu wafuasi. Maneno mawili yamevaa nguo moja, kama "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Kamusi inayatenganisha katika vidahizo mbalimbali, na inastahili sifa kwa kutowachosha wasomaji na ukoo wa kubuni.

Sasa upungufu wake, ambao kwa wengine utatosha kuwafanya waiache. Mtu mwenye sentensi mkononi na mteja anayesubiri hahudumiwi vizuri na mpangilio wa kihistoria. Maana anayoihitaji inaweza kuwa imefichika ndani ya kijitawi cha tawi dogo, chini ya maana zilizokwisha kufa karne nyingi zilizopita, na fafanuzi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho chenyewe huweza kuhitaji kamusi. Mwanafunzi wa lugha atafaidika zaidi na kamusi za wanafunzi, kama ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby au ile ya COBUILD ya mwaka 1987, ambayo hufafanua neno kwa sentensi kamili, likiwa katika mazingira yake ya kawaida. Sehemu kubwa ya huduma ni ya kulipia, na kwa mtu anayeingia mara mbili kwa mwaka sioni sababu ya kujisajili binafsi iwapo maktaba anayoitumia imekwisha kulipa.

Kuna kazi nyingine ambayo kamusi hii haikuahidi kuifanya, kwa hiyo siihesabu kuwa kosa: haisemi neno la Kiswahili liwe lipi. Nimelazimika kuwa na daftari langu, ambamo "run" imekwisha kuchukua kurasa tatu. Anayewania cheo anagombea, mchezo wa kuigiza unaonyeshwa kwa wiki sita, gazeti linachapisha habari, barabara inafuata mto, mgonjwa ana homa, sukari imetuishia. Katika mfano wa homa hakuna hata kitendo kilichobaki, na katika ule wa sukari ("we have run out of sugar") mtendaji amegeuka akawa mtendwa. Kila nikianza kukilaumu Kiingereza kwa uvivu wa kuunda maneno, naikumbuka "piga", ambayo kwetu inapiga simu, pasi, picha, kura, magoti, chafya na mswaki bila kumgusa mtu, na naona heri ninyamaze. Nikiwa na haraka nafungua kwanza kamusi ya wanafunzi. Ile kubwa naifungua jioni, kazi ikiwa imekwisha, nikiwa na neno lililonishinda mchana.